Jiko la presha la umeme: miezi 14 nalo jikoni, na Shangazi aliyelikataa

Nimeulizwa sana kuhusu haya majiko ya presha ya umeme, yale ya duara yenye vitufe mbele na mfuniko wa kuzungusha, kwamba yanafaa kweli au ni mbwembwe tu, sasa leo naandika yote mara moja maana nimeyatumia miezi 14, moja la lita 6 nyumbani na mawili ya lita 12 kwenye kikundi chetu cha kupika. Chapa sitaji kwa sababu haya tunayonunua Kariakoo mengi yanafanana, tofauti ni jina lililobandikwa na unene wa sufuria ya ndani. Na nitaongelea kitu ambacho kwenye boksi hakijaandikwa, kwa nini watu wanalikataa, maana kwetu yale makubwa yalikaa wiki tano bila kupika hata sahani moja ya mteja na hela ya kikundi imeshatoka.

Kwanza jiko lenyewe. Ndani kuna sufuria inayotoka, chini yake sahani ya moto, mfuniko una mpira unaoziba pembeni, ukifunga na kuwasha mvuke unakosa pa kutokea, presha inapanda na joto la ndani linafika nyuzi kama 115 wakati sufuria ya kawaida hapa Dar haivuki 100 hata uichochee gunia zima. Wenzetu wa Mbeya huko juu kwenye mita 1,700 maji yao yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndo maana maharage ya kule yanapikwa mchana kutwa na bado yanagonga meno, kwa hiyo kama uko Mbeya, Njombe au Makete hili jiko linakuhusu kuliko hata sisi wa pwani. Presha ikishafika linajizima, linawaka kidogo kidogo tu kushikilia joto, na hapo ndo umeme unapookolewa.

Nyumbani nilipima kwa LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, nikazima friji na taa zote, nikaandika namba, nikaweka nusu kilo ya maharage ya njano bila kuloweka, dakika 45 za presha, nikasoma tena. Uniti 0.35. Kwa mwenye tarifu ya matumizi madogo, ile ambayo uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, hayo maharage hayafiki shilingi 50. Mimi niko kwenye tarifu ya kawaida, 292 kabla ya kodi, ukijumlisha kodi na makato inafika 356, kwa hiyo ni kama shilingi 125. Mkaa wa maharage hayo hayo mtaani kwangu ni makopo mawili na kopo ni 1,000. Ila mwenye tarifu ndogo uangalie, ukivuka zile 75 kila uniti inayozidi ni 350, usije ukapikia mtaa mzima halafu ukashangaa.

Nyama ya ng'ombe dakika 30. Utumbo 40. Makande ya mahindi yaliyokobolewa saa moja na kidogo. Kongoro saa moja na nusu, na kongoro kwenye mkaa wote tunajua ni usiku kucha na mtu wa kuamka kuongeza moto.

Sasa kikundi. Tuko wanawake sita, tunapikia watu wa magereji na magodauni upande wa Buguruni na Tabata, sahani kama 130 kwa siku. Mimi nashika daftari la hesabu na kupakua, mpishi mkuu ni mama mmoja wa miaka sitini na kitu ambaye wote tunamwita Shangazi, hata wateja. Mkaa ulikuwa unatula. Gunia kwetu lilifika 75,000 na tulikuwa tunamaliza magunia matatu kwa wiki. Halafu yakaja yale matangazo ya serikali kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024, na Mei mwaka huo huo Rais Samia akazindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa miaka kumi, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sisi ni kikundi tu, si shule wala gereza, lakini sahani zetu zinavuka 100 na mimi nikaanza kuona siku moja tutagongewa mlango. Nikapiga hesabu usiku, nikashawishi wenzangu tutoe hela kwenye mfuko, nikaenda Kariakoo nikanunua mawili ya lita 12, kila moja 310,000.

Siku ya kuyaleta nilisimama mbele yao na daftari. Niliongea karibu saa nzima. Nikawasomea uniti, magunia, moshi na macho, misitu, kila kitu. Wakanisikiliza kwa adabu kabisa. Nilipomaliza Shangazi akasema, "Sawa mwanangu, tumesikia."

Mswahili akikwambia tumesikia, ujue hapo hamna kitu. Kesho yake nikafika saa moja asubuhi nikakuta mkaa umeshawaka, maharage yapo kwenye sufuria kubwa kama kila siku, na yale majiko mawili yamesukumwa ukutani, juu ya moja kuna sinia la vikombe na juu ya lingine khanga imekunjwa vizuri. Hakuna aliyegoma wala kusema neno baya. Nikiuliza naambiwa leo oda ni kubwa tutajaribu kesho, kesho naambiwa umeme unacheza, keshokutwa naambiwa hatuna kikombe cha kupimia maji. Wiki ya kwanza nikawa mpole, ya pili nikaanza kununa, ya tatu nikasema moyoni kwamba hawa wazee hawataki maendeleo. Nililisema na kwa mume wangu hilo. Naliandika hapa kwa sababu naamini ndo sentensi inayosemwa kwenye kila ofisi na kila nyumba kikija kitu kipya, na inamfungia mtu mlango kabla hajaulizwa chochote.

Wiki ya nne nikalazimisha. Nikayachomeka mwenyewe yote mawili, kila moja lina wati 1,600, kwenye eksitensheni moja. Watu wa umeme mnaosoma hapa mmeshajua. Wati 3,200 kwa pamoja zinavuta ampea 14 hivi na ile eksitensheni ilikuwa ya kuchajia simu na kuwashia feni. Baada ya dakika kumi na tano pakaanza kunuka plastiki, nikashika plagi nikakuta imelainika kama mshumaa, nikaizima ukutani mikono inatetemeka. Maharage yalikuwa hata hayajapata moto vizuri. Shangazi hakusema kitu. Alikuja akafungua mfuniko, akachukua kata akahamisha maharage yote mpaka kwenye sufuria yake, akaipandisha jikoni, akaongeza mkaa. Kimya kile kilinichoma kuliko angenifokea.

(Kwa mnaotaka kununua: kila jiko soketi yake ya ukutani, na kama ni la lita 12 kwenda juu mwite fundi aangalie waya kabla, ukute wa milimita za mraba 2.5 na sio ule wa taa. Sisi fundi alituchaji 40,000 na soketi mbili mpya. Usifanye kama mimi.)

Hapo nikakumbuka kitu nilichosoma chuoni na nikawa nimekiacha hukohuko chuoni. Kuna mtaalamu mmoja wa saikolojia, Kurt Lewin, Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia Marekani 1933. Wakati wa vita vya pili nyama nzuri ilikuwa inakwenda kwa wanajeshi, serikali yao ikataka akina mama wapike moyo, figo na vile vinofu laini vya shingoni mwa ndama, vitu ambavyo kwetu watu wanagombania buchani lakini wao walikuwa wanaviona uchafu. Lewin na wenzake kule Iowa wakagawa akina mama makundi. Makundi mengine yakapewa mhadhara mzuri tu, lishe, bei, kusaidia nchi, na namna ya kupika. Mengine wakakaa wenyewe wakajadili, nini kinatushinda, waume watasemaje, harufu je, halafu mwisho wakanyoosha mikono nani atajaribu wiki hii. Walipofuatiliwa baadaye, kwenye mhadhara asilimia 3 tu ndo walikuwa wamepika kitu ambacho hawajawahi kupika. Kwenye mazungumzo asilimia 32. Chakula kilekile, shida ileile ya vita. Na mimi nilikuwa nimetoa mhadhara, tena na daftari mkononi.

Basi Jumapili nikaenda kwa Shangazi kwake, nikampa shikamoo, nikamkuta anachambua maharage ya Jumatatu kwenye ungo. Nikakaa kwenye mkeka nikaanza kuchambua naye. Sikuleta habari ya jiko. Tumechambua pale mpaka ungo wa pili ndo nikamuuliza, Shangazi, lile jiko lina nini? Siyo kwa nini hulitaki, nilimuuliza lina nini.

Akaanza na la zamani. Akiwa binti alifanya kazi za ndani Upanga, nyumba ile walikuwa na presha ya chuma ya kuweka juu ya moto, ile yenye filimbi. Siku moja tundu likaziba na ganda la dengu, mfuniko ukaruka ukapiga dari, dengu zikamwagika ukutani na yeye akaungua shingoni. Akavuta khanga pembeni akanionesha, kovu lina upana wa vidole viwili. Na mwisho wa mwezi akakatwa hela ya kupaka rangi dari. Miaka 40 na zaidi amelibeba hilo, na sisi tumemletea sufuria ya presha tukamwambia usiogope. Ni kweli haya ya umeme ni mengine kabisa, mfuniko haufunguki presha ikiwa ndani, kuna kipini kidogo kinapanda kuonesha, na joto likizidi linajikata lenyewe, lakini hilo sikuwahi kumuonesha kwa mikono, nilimsomea kwenye karatasi.

Halafu akasema la mikono. Hili nataka niliandike vizuri maana ndo nililolielewa kwa kuchelewa kuliko yote. Shangazi hapiki kwa saa. Anafunua, anachota maharage matatu kwa mwiko, anayapuliza, anayabonyeza moja moja katikati ya kidole gumba na cha shahada, anasikiliza sufuria inavyotokota kama bado ina maji mengi au yameanza kuwa mazito, ananusa. Mabinti wawili tulionao wanajifunza kwa kumwangalia akifanya hivyo. Sasa jiko linalofungwa likakaa dakika 45 bila kufunuliwa linamwambia kaa pembeni. "Nikiulizwa yameiva nitajibu nini, nisubiri lipige kelele?" aliniuliza hivyo, na hakuwa anatania. Miaka yote jikoni jibu la yameiva au bado lilikuwa kwake. Tumenunua chombo kinachojibu badala yake halafu tukatarajia afurahi kwa sababu kinaokoa hela.

La tatu hakulisema, nililiona. Jioni ilipofika akachukua ndoo, ile ndoo ya rangi ya lita nne yenye mpini wa waya, akamwaga mkaa mweusi uliozimwa nusu kwenye jiko lake dogo la bati akawasha. Nikaitambua ile ndoo. Kila siku tukifunga kazi Shangazi anafunika makaa yaliyobaki na majivu, yakizimika anayachagua yale makubwa makubwa, anajaza ndoo, anaondoka nayo. Miaka saba ananipita nayo mlangoni tunaagana. Ule ndo mkaa anaopikia wajukuu wanne. Kwenye daftari langu ule mkaa haupo, niliandika magunia yanayoingia, sijawahi kuandika ndoo inayotoka. Kwa hiyo hesabu yangu nzuri ya kuokoa hela kila wiki ilikuwa inamuongezea yeye gharama ya kopo mbili tatu za mkaa kila jioni, mtu ambaye mgao wake nauandika mimi mwenyewe na naujua ni kiasi gani. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Ndo maana siku hizi nikisikia mtu anasema watu hawapendi mabadiliko nasita. Watu hubadilika kila siku, wanahama miji, wanabadili dini, wanaoa. Baba yangu kule kijijini alikataa kupokea hela kwa simu miaka mingi tu, M-Pesa imeingia nchini 2008 na mpaka 2013 bado alikuwa anataka nimtumie kwa kondakta wa basi, hata siku ambayo hela ilichelewa siku mbili alimtetea. Tukamuona mzee wa kizamani. Kumbe kondakta alikuwa anashuka pale, anakaa dakika tano anakunywa maji, anamwambia binti yako nimemuona, amenenepa. Simu ilileta hela, ikamwondolea mgeni. Siku hizi nikimtumia nampigia hapohapo, na hajawahi kulalamika tena.

Turudi jikoni. Tulikaa kikao kingine, safari hii sikusimama. Nikaweka jiko katikati wakalifungua wenyewe, wakatoa mpira, wakapuliza tundu la mvuke, Shangazi akatuonesha pale ambapo dengu liliziba zamani, tukakubaliana kila asubuhi kabla ya kuwasha anaangalia yeye tundu na hakuna mwingine wa kuwasha kabla yake. Kila mmoja akachagua pishi lake la kujaribu wiki ile. Nilidhani Shangazi atachagua maharage, akachagua kongoro. Akasema maharage anayajua, kongoro ndo linamkosesha usingizi. Na wali ukabaki kwenye mkaa, hilo hakuna aliyelibishia, maana wali wa hili jiko unaiva lakini hauna ukoko, na wali wetu unapaliwa mkaa juu ya mfuniko mpaka unakauka punje punje, wapo wateja wanaotoka Tazara kufuata ule ukoko. Nilikuwa nimepanga kuhamisha kila kitu. Walikuwa sahihi, nilikuwa nimekosea.

Na mkaa wa ndoo tukaushika wazi kwenye kikao, nililileta mimi, bila kumtaja mtu nikasema kuna wenzetu mkaa wa kubaki ulikuwa sehemu ya mgao wao, tuandike. Kumbe wawili wengine nao walikuwa wanachukua kidogo. Tukaweka 2,000 kwa siku kwa kila mmoja wa hao watatu kutoka kwenye kinachookolewa.

Hesabu ya sasa: magunia matatu yamekuwa moja kwa wiki, umeme wa majiko yote mawili ni uniti kama 5 kwa siku, raundi nne za maharage za kilo mbili mbili na mbili za nyama, tunalipa kama 10,700 kwa wiki. Ukitoa na ile 36,000 ya watatu bado tunaokoa zaidi ya laki moja. Majiko yalijilipa kabla ya mwezi wa pili kuisha tangu tuanze kuyatumia kweli.

Kuhusu vitufe, vyote vimeandikwa Kiingereza na picha zisizoeleweka, picha ya kuku na picha ya bakuli. Shangazi alichukua rangi ya kucha ya binti mmoja, akaweka doa jekundu kwenye cha maharage, madoa mawili kwenye cha nyama, na doa jeupe kwenye cha kuzima. Kuanzia siku ile hakuna aliyeuliza tena. Na mikono yake imepata kazi nyingine, jiko likikaribia presha lina kelele yake, mwanzo linavuma kidogo, halafu kipini kinagonga kidogo, kinapanda, kimya. Yeye anaijua ile kelele akiwa nje anakwangua nazi. Mara mbili ametuambia mpira umekaa vibaya kabla hatujaona mvuke, na mara zote mbili ilikuwa kweli.

Nazi nayo ina namna yake humu, sikilizeni. Usiweke tui zito mwanzoni, litakatika. Chemsha maharage kwa maji na chumvi kidogo tu, presha ikiisha fungua, weka kitunguu na tui jepesi, bonyeza kile kitufe cha kukaanga ukiwa wazi, halafu tui zito mwisho huku unakoroga taratibu, tui likianza kutokota zima. Hayo ni maelekezo ya Shangazi, mimi nayaandika tu. Maharage yanavimba, usivuke nusu ya sufuria, povu likipanda linaziba tundu na hapo mnarudi Upanga.

Kasoro zipo. Mpira unashika harufu, ukipika kongoro leo kesho mchele wako utanukia supu, nunua mpira wa pili mapema maana kuupata wa saizi yako baada ya mwaka ni kazi. Ugali sahau, sufuria ya ndani inazunguka na huwezi kuikanyagia miguu. Chapati hamna. Zile sufuria za kupakwa rangi nyeusi ndani zinachubuka ukitumia mwiko wa chuma, lipa zaidi uchukue ya chuma cha pua. Umeme ukikatika katikati usifungue, joto la ndani linaendelea kupika kwa muda, ila kuna matoleo umeme ukirudi yanaendelea pale yalipoishia na mengine yanaanza kusubiri uyabonyeze, la kwangu la nyumbani linasubiri, mara moja nililala nikijua linapika kumbe limekaa tu mpaka alfajiri, chakula chote nikamwaga. Na kila ukiwa na hili jiko uwe na moto wa pili, mkaa au gesi, usiuze majiko yako ya zamani kwa furaha ya wiki ya kwanza.

Waranti ya mwaka mmoja niliyopewa na muuzaji haikunisaidia, kitufe cha lile dogo kilipokufa miezi mitano tu aliniambia niache jiko halafu hakupokea simu tena, nikampa fundi wa redio mtaani akalitengeneza kwa 15,000. Dai risiti yenye mhuri na namba ya jiko kabisa.

Kwa ujumla naliwekea nyota nne kati ya tano. La lita 6 nilinunua 150,000, kwa familia ya watu watano linatosha. Kama unapikia watu wengi usiende na lita 6, utapika raundi mpaka uchoke, na kama unalipeleka kwenye jiko la mtu mwingine, la mama yako, mama mkwe, mpishi wa kazini, kaa naye kwanza uangalie siku nzima anavyopika na anaondoka na nini.

Limebaki moja ambalo hatujalimaliza. Shangazi alitaka na yeye la nyumbani, lita 6, tukamkopesha hela na akalipeleka chumbani kwake. Pale wamepanga watu wanne wanachangia LUKU moja, kila mmoja 10,000 kwa mwezi. Siku ya pili tu wenzake wakaja na mama mwenye nyumba, hilo jiko linakula umeme, hapa majiko ya umeme hayaruhusiwi. Nilitaka kwenda kuwaeleza habari ya uniti 0.35. Shangazi akanizuia, akasema hawa hawaogopi jiko, wanaogopa kulipia maharage yangu, ukienda na daftari utaharibu. Akawaita mwenyewe akawapikia makande, wakala, halafu akatoa wazo lake: tununue kale kamita kadogo ka kuchomeka kwenye soketi, jiko lichomekwe juu yake, wote wanne wasome namba kila jioni, na kila uniti iliyotumika alipe yeye juu ya mchango wake. Mama mwenye nyumba amekubali wiki moja ya majaribio. Kamita nimekapata juzi, leo ni siku ya tatu, wanasoma Jumamosi jioni.